Sauti ya Kusikilizwa Mara Moja

Tulikuwa wanne nyumbani kwangu Kihanga asubuhi ile. Mimi, mkwe wangu ambaye ni mjane wa mwanangu wa kwanza, jirani yetu ambaye ni mama ninayesali naye, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeingia tukiwa tumeshaanza kusikiliza. Majina yao ninayo yote, hata ya ubatizo, ila siyaandiki kwa sababu jambo lenyewe halijaisha.

Aliyekuwa akisema kwenye simu ni kaka mkubwa wa mume wangu, kiongozi wa ukoo, mgonjwa kitandani kwake Kamuli. Alitutumia sauti kuhusu kibanja anachokaa mkwe na watoto, ile migomba na mibuni ya kule chini. Mwanangu alikufa bila kuandika kitu, tukawa tunangoja neno la huyo mkubwa.

Mkwe akaweka simu juu ya kigoda, akabonyeza. Mzee akakohoa, kisha: "Kibanja kile, kuanzia kwenye mti wa mulamula wa mpaka hadi njia ya kisimani, mke wa marehemu..." Hapo mlango ukasukumwa, shemeji akaingia.

Kwetu mwanamke hamwachi baba mkwe amesimama bila kumsalimia. Mkwe akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo? Mvua imewafikia huko chini?"

Jirani naye akasalimia, mimi nikatafuta kiti. Simu inasema tu pale kigodani. Mkwe alinyoosha mkono aizime, nikamwambia, "Salimia kwanza, tutairudia." Maneno hayo ni yangu, simsingizii mtu. Tulipotulia tukasikia mwisho: "...na mtu asimsumbue."

Mkwe akabonyeza tena. Kimya. Simu ikaandika kwamba ujumbe umeshafunguliwa.

Tukampigia binti wa mgonjwa, aliyemrekodi.

"Mama mdogo, hicho ni kitu kipya kwenye programu," akasema. "Ukishasikiliza, inafutika. Baba hakutaka maneno yake yazungushwe kwenye kundi la ukoo. Ni kwa ajili ya siri."

"Basi mwambie aseme tena, mwanangu."

"Amelala. Akiamka nitamwambia."

Hakuamka vizuri tena mpaka tukamzika.

Baada ya matanga shemeji akasema yeye aliyasikia ya katikati. "Alisema akae pale mpaka mtoto wa mwisho amalize darasa la saba, kisha kibanja kirudi kwenye ukoo." Mtoto huyo anamaliza mwaka huu.

Nikamwambia, "Shemeji, wewe ulikuwa unaitikia salamu."

"Naitikia kwa mdomo, shemeji. Masikio yalikuwa kazini. Kama hamniamini, ipasueni hiyo simu tumbo mtafute."

Jirani alicheka, halafu akaona mkwe hacheki, akanyamaza.

Jumamosi ukoo unakaa, nami nimeitwa niseme nilichosikia. Mkwe haniulizi kitu. Maharage hajapanda chini ya migomba msimu huu. Anasema hajui atavuna nani.

Mimi namkumbuka kila mtu aliyebeba jeneza la mume wangu, na upande alioshika. Lakini sauti hii inanitoroka. Siku nyingine namsikia mzee waziwazi, na kikohozi chake, akisema, "ni chake na watoto wake." Siku nyingine nasikia shikamoo tu. Naogopa kwamba maneno yale nimeyaweka mwenyewe, kwa kumpenda mkwe wangu. Naogopa pia kwamba aliyasema kweli, nami nitayaacha kwa woga, wajukuu watolewe kibanjani.

Basi nitasema mwanzo niliousikia na mwisho niliousikia, na kwamba katikati tulikuwa tunasalimiana kwa sababu mimi niliagiza hivyo. Wewe uliyekuwepo, na wewe uliyesimuliwa na aliyekuwepo, kama kuna neno hapa nimelikosea, niambie kabla ya Jumamosi. Niambie hata kama ni la kutuumiza.