Ndoano Zisizo na Meno

Harufu ya nta ya nyuki bado siwezi kuizoea. Siku ya tatu baada ya kumzika Papa hapa Butembo, Mama alinipa kisanduku cha mbao alichokiacha marehemu. Nilipofungua kifuniko, harufu ile ilitoka pamoja na ya manyoya ya jogoo, nikakifunga tena. Ilinichukua wiki nzima kukifungua mara ya pili.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Beni, katika komini ya Bungulu. Papa alikuwa seremala. Ujanani aliishi Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, na huko padri mmoja mgeni alimfundisha kuvua bila chambo. Unafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano, kwa uzi uliopakwa nta, mpaka ifanane na kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha baada ya kiangazi, kumbikumbi hutoka ardhini, wengine huangukia mtoni, na samaki huja juu kuwala. Siku hizo chache, alisema Papa, maji ya mlima ni baridi mpaka mifupa inauma, na samaki hawana akili kabisa.

Kila kiangazi tulipanga safari hiyo. Aliandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la shule: nani atabeba fimbo za mwanzi, fufu, ugali wetu wa muhogo, itafungwa kwenye majani gani, tutapumzika wapi. Niliijua njia daraja kwa daraja, na sikuwahi kuipita. "Safari inaanzaka na kufunga muzigo," alikuwa akisema. Wakati huo hata shambani kwetu tulikuwa hatuendi tena. Watu waliuawa huko na waasi, na sisi watoto tuliishi kati ya mlango na ua wa matete.

Humo ndani ya ua alinifundisha kurusha ndoano. Beseni la kufulia lilikuwa mto wetu. Siku moja nilirusha vibaya, ndoano ikaangukia pembeni, na kuku wa jirani yetu Mama Kahindo akaidonoa. Ikamnasa mdomoni.

"Seremala!" Mama Kahindo alipiga kelele juu ya ua. "Mito yote ya Congo, unakuya kuvua kuku yangu?"

"Unisamehe, Mama. Alifikiri ni kumbikumbi."

"Basi kesho mutavua na mbuzi!"

Papa aliichomoa taratibu, kisha akachukua koleo na kuikata ncha. "Hii ni ya hapa nyumbani," aliniambia. "Za mutoni tutaziacha na meno yao." Nilimwamini.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na asubuhi kumbikumbi walijaa hewani kama pumba inayopepetwa. Papa alivaa kofia yake. Mama alitufungia fufu na sombe ya majani ya muhogo. Tulifika kwenye kituo cha moto, yaani pikipiki za abiria, na dereva mmoja aliyemjua Papa akatikisa kichwa kabla hatujamsalimu.

"Papa, leo hapana. Batu banakimbia kutoka kule, banakuya huku. Na weye unapeleka mutoto?"

Tulirudi na fimbo zetu mabegani, mbele za watu wote. Kijana mmoja akaita, "Papa Masika, samaki biko wapi? Ao bilikataa kupanda moto?" Walicheka, na Papa akacheka nao. Masika ni mimi. Sikucheka.

Tulipofika nyumbani nilimwambia neno ambalo mpaka leo ningependa kulirudisha.

"Papa, weye unaogopa tu."

Aliweka fimbo chini. "Ndiyo, Masika. Naogopa."

Halafu akaenda kujaza beseni maji. Nilikataa kurusha. Tulikula fufu ya safari tukiwa tumekaa kwenye kizingiti.

Baadaye tulihamia Butembo, na mdogo wangu Kavira akazaliwa huku. Nilikua, nikaacha kuuliza. Papa hakuacha kuandika. Kila kiangazi alipanga, na kila mvua alisema njia haijafunguka.

Nilipofungua kisanduku mara ya pili, nilikuta kumbikumbi wake wamepangwa vizuri juu ya kipande cha godoro. Nilichukua mmoja, nikapitisha kidole kwenye ndoano. Hakikuchomwa. Nikachukua mwingine, na mwingine. Zote zilikuwa zimekatwa ncha, hata ile nyekundu niliyoifunga mwenyewe, ambayo Papa alisema ni ya samaki mkubwa.

Sitawaficha: nilikasirika, nikamkasirikia maiti. Nilijiona nimedanganywa utoto mzima. Nilimpelekea Mama kisanduku mahali alipokuwa akichambua maharagwe.

"Alizikata siku ile mulirudi kutoka kituo ya moto," alisema bila kuinua macho. "Alisema, nikiziacha na meno, siku moja nitaenda, na Masika atanifuata."

"Na daftari?"

"Daftari alikuwa anaandika kwa ajili yako. Ungeishi namna gani mu ile lupango, mu ile ua ya matete, bila mto?"

Nilikuwa nimedhani Papa alinifungia ndani kwa sababu ya woga wake. Sikujua kwamba alikuwa amejifungia pamoja nami, tena kwa mkono wake mwenyewe, yeye aliyeyajua maji yale na kuyatamani.

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha. Kavira, ambaye sasa ana miaka minane, aliniuliza kama mwaka huu tutaenda. Nilifunga manyoya kwenye ndoano mpya, nikakaza uzi, nikachukua koleo na kukata jino. Kisha nikamwambia alete beseni, nikafungua daftari, na kuandika jina la daraja la kwanza.