Herufi Nilizompelekea Bibi Muleba

Ndugu zangu, hili nimelificha sana, na hata sasa naona aibu kulianza, maana hakuna aliyenituma, ni kimbelembele changu mwenyewe.

Nachapa mabango na fulana pale Bilele, Bukoba. Wakati huo nilikuwa nimeshajitambulisha kwa kina Adela, binti niliyetaka kumwoa, kule Muleba, na baba yake alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Ndipo bibi yake Adela akafariki. Nikajitolea bango la msiba lenye picha na jina (nilitaka wanione mkwe wa maana), na katika kutafuta fonti nikaangukia ile niliyoitumia kwenye tangazo la kibanda cha video, herufi zilizopasuka na kuchanika kingo, nikaziona zina huzuni, kama mtu aliyelia sana. Kwenye kompyuta zilikuwa ndogo. Nikaweka rangi nyekundu iliyoiva, nikachapa, nikakunja, nikawahi gari bila kumwonyesha mtu.

Tulilikunjua uani, kando ya migomba, padri ameshafika. Jina la bibi lilikuwa pana kuliko mlango, na zile nyufa zangu za huzuni sasa zilionekana zinachuruzika damu. Kaka yake Adela akanong'ona kwamba hizo ni herufi za picha za mazombi, vijana wakainamisha vichwa huku mabega yakitikisika, na mimi (mtaalamu kutoka mjini) nikabaki nimeshika kamba.

Kilichonimaliza ni Mae Koku, mdogo wa marehemu. Alisogea, akashika ncha ya kanga yake, akaanza kulifuta lile jina taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akidhani ni tope la njiani. Halikutoka. Akanigeukia.

"Mwanangu, nani amemchana dada yangu hivi?"

Baba yake Adela akalikunja bango yeye mwenyewe, na kikapu cha kahawa ya kutafuna, kile ambacho kwetu Wahaya kila mgeni hupewa, kilipozunguka kikanipita. Adela akatazama chini. Nilijua posa yangu inazikwa pamoja na bibi, na iliniuma.

Siku ya kumaliza matanga nilirudi bila kualikwa, na bango jipya, herufi nyeusi za kawaida, hazina madoido. Baba akalitazama tu. Mae Koku akapitisha kiganja juu ya jina, akakiangalia kiganja chake, halafu akachota kahawa kikapuni na kunitilia mkononi.

"Tafuna, waitu, mtu wetu. Sasa ni yeye."

Baba hakumzuia. Nilitafuna huku nalia mbele za watu, na aibu hiyo sikuijali.

Ile fonti nimeifuta, wenye kibanda cha video watafute fundi mwingine. Na jina la marehemu silichapi tena mpaka mtu wa nyumbani kwake asimame dukani, alione kwa ukubwa wake, aniambie kwamba ndiye.