Aliyetupigia Hodi

Habari za kifo chake zilinikuta River Road, katikati ya jiji, nikisubiri kadi za mwaliko zichapwe. Mwenzetu mmoja wa matembezi alinitumia ujumbe wa simu: mzee ametuacha. Nilikaa kwenye benchi la mwenye mashine, nikahisi uchovu umeniingia hadi mifupani. Nimezika wengi mwaka huu, wasomaji wangu, na machozi yamekuwa haba. Huyu nilimlilia.

Alikuwa karani mstaafu, na ndiye aliyetuongoza, sisi watu wa ofisini wenye vitambi, kutembea Jumamosi moja kila mwezi: asubuhi msituni, mchana tukishuka mtoni kupitia mashamba ya sukuma wiki na nduma, yaani magimbi, hadi Mutuini, pembezoni mwa jiji. Kasoro yake ilikuwa moja. Kila shamba lazima asimame, apige hodi, aulize ng'ombe amezaa nini, ndipo aombe tupite. Mimi sina subira. Siku moja nilimwambia, "Mzee, hii si ni njia ya watu wote? Twende." Akanijibu bila kugeuka, "Nani alikuambia?" Nilinuna hadi tukafika barabarani.

Tulimzika Jumanne. Jumamosi iliyofuata tukasema tutembee kwa heshima yake. Msitu tuliumaliza salama. Kule mtoni tukamkuta mama mwenye shamba la nduma amesimama katikati ya kijia, jembe mkononi.

"Mnaenda wapi?"

"Tunapita tu, mama. Sisi ndio wale wa kila mwezi."

"Nyinyi siwajui. Najua yule mzee. Ako wapi?"

Ikabidi niseme mimi kwamba amefariki. Akaweka jembe chini.

"Mlimzika lini?"

"Jumanne."

"Na hakuna mtu alikuja kuniambia?"

Siku hizi nyumba za kupangisha zinaota kando ya mto huo, nasi hulalamika kwamba seng'enge zinatufungia njia. Njia gani? Tulikuwa tukipita kwa hisani ya urafiki wa mtu mmoja, tena tukimharakisha.

Hatukuendelea na matembezi. Mama alinawa miguu mtoni, akajifunga leso, akasema tumpeleke kaburini. Kama kuna mtu unayepita kwake kila mara, muulize jina lake leo. Mimi la mama huyu nilimuuliza tukielekea makaburini, baada ya miaka sita ya kukanyaga shamba lake, na niliona haya kufungua kinywa.