Bei ya Pijo la Kakoba

Nilitoka Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda Mbarara kwa sababu mume wangu alikuwa ameacha kuongea. Si kwamba alinuna. Ukimsalimia aliitika, ukimpa ugali alikula, lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Kule kwetu Kivu ya Kusini, Baba Neema alikuwa dereva wa Pijo 404, lile la nyuma wazi, akibeba abiria na samaki kati ya Uvira na Baraka. Tulipokimbia vita, wanajeshi walitushusha njiani wakaondoka nalo, sisi tukaendelea kwa miguu. Hapa Nakivale tulipewa kiwanja na jembe. Msimu wa kwanza alilima. Msimu wa pili nililima peke yangu.

Ndipo dada yangu mkubwa, Yaya Esperansi, ambaye anashona nguo Mbarara, akatuma habari kwamba jirani yake anauza Pijo 404 bovu lililolala uani miaka mingi. Nilimwambia Baba Neema nikiwa napepeta maharage, bila kutegemea jibu.

"Ya rangi gani?" akauliza.

Nikaacha kupepeta. Sikukumbuka mara ya mwisho aliponiuliza kitu.

Wiki ile niliuza ng'ombe wetu, nikaongeza pesa za mahindi nilizokuwa nikiweka kwa ajili ya mabati. Zikafika laki nane. Mchungaji wetu aliposikia alikuja mpaka mlangoni. "Mama Neema, batoto banalala chini ya turubai, weye unaenda kununua gari ya kufa?" Nikamwomba atuombee safari njema.

Alfajiri ya safari, Baba Neema alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa suruali ya kanisani. Tulipanda lori la mahindi pale Base Camp, penye ofisi za kambi, dereva akatupa nafasi mbele. Ziwa Nakivale lilibaki nyuma yetu, vumbi likaingia mpaka kwenye meno, na baada ya Kabingo barabara ikaanza kupanda katikati ya migomba. Kwenye mlima mmoja karibu na Isingiro dereva alichelewa kubadilisha gia, lori likatetemeka. Nikaona mguu wa mume wangu unakanyaga sakafu, kutafuta klachi ambayo haikuwapo. Nikacheka kwa sauti. Na yeye akatabasamu, kwa aibu kidogo, akageukia dirishani.

Mbarara tulifika jua likiwa kali. Yaya Esperansi alitupokea kwake mtaani Kakoba kwa wali na sombe ya majani ya muhogo, akamkalisha shemeji yake kwenye kiti pekee chenye mgongo. Wakati tunanawa mikono alininong'oneza, "Musionyeshe hamu. Yule mzee akiona shemeji anaililia ile gari, bei itapanda."

Mchana tukaenda. Mwenye gari alikuwa Mzee Kamugisha, Mnyankore mrefu aliyejifunza Kiswahili jeshini zamani. Alitusalimia vizuri, akatuletea viti, kisha akavuta turubai lililofunika gari. Kuku wawili wakaruka kutoka kwenye kiti cha nyuma.

Lilikuwa la rangi ya maziwa zamani. Sasa milango ilikuwa imeliwa na kutu toka chini mpaka katikati, magurudumu hayakuwapo, na sakafuni majani yalikuwa yameota na kupita kwenye matundu. Baba Neema hakuona nilichokiona mimi. Alizunguka gari polepole akiligusa kwa kiganja, akafungua boneti, akavua shati, akalala chali na kuingia chini yake. Na kutoka kule chini nikasikia sauti ya mume wangu.

"Mama Neema! Difu iko muzima! Buati haiko, baliitoa, lakini hiyo tutatafuta." Difu ni gia za ekseli ya nyuma, buati ni giaboksi. "Kabirateri nayo haiko. Shasi... leta mwanga, leta mwanga huku."

Aliongea bila kupumzika. Alimweleza Mzee Kamugisha jinsi 404 yake ilivyovuka mto Mutambala wakati wa mvua, watu wakiwa wamesimama juu ya viti. Mzee alicheka, akamwita ssebo, yaani bwana, na mimi nyabo, yaani mama, akammiminia chai. Mimi nilikaa nikimwangalia mtu niliyeolewa naye.

"Haya, Mzee, unataka ngapi?" nikauliza mwishowe.

"Milioni mbili. Hii gari ilikuwa ya kaka yangu, sasa amekufa. Gari kama hii hakuna tena, nyabo."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Akashuka milioni moja na nusu, akashuka milioni moja. Nikamwambia ukweli kwamba sina zaidi ya laki nane, na kwamba nikimpa hizo sitabaki na ng'ombe wala mabati. Alinitazama, akamtazama mume wangu aliyekuwa anapangusa taa ya mbele kwa shati lake.

"Sawa," akasema. "Laki nane. Kwa sababu ya huyu."

Pesa zilikuwa kifuani, ndani ya kitenge. Mkono wangu ulifika pale ukasimama. Nilianza kuhesabu. Giaboksi itoke Kampala. Magurudumu manne. Fundi wa kuchomelea sakafu, betri, rangi, lori la kulibeba mpaka Kashojwa. Kila kitu nilichokitaja kichwani kilikuwa na bei, na bei zote pamoja zilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe, na sikuwa na pesa ya hata kimoja. Nikamvuta Baba Neema pembeni.

"Niambie kama dereva," nikasema. "Kama ni mutu mwingine anainunua, ungemwambia alipe ngapi?"

Angeweza kunidanganya, ningemwamini, nilitaka kumwamini.

"Shasi imeoza, fremu ya chini yote," akasema. "Laki tatu. Kwa vyuma tu."

Nikarudi kwa mzee nikamwambia laki tatu. Uso wake ukabadilika. Nadhani aliona nimemtukana, yeye na kaka yake aliyekufa. Hakupandisha sauti. Aliinuka, akarudisha turubai, akaanza kulifunga kamba. Baba Neema alimsaidia upande wa pili. Kisha akavaa shati lake lenye mafuta, tukaondoka.

Kesho yake asubuhi tukapata gari la kurudi. Njiani nilimwambia nyumba itapata mabati, kwamba tumeponea chupuchupu, kwamba pengine siku moja litapatikana jingine zima. "Ndiyo," aliitika kila mara. Baada ya kupita Kaberebere nikanyamaza na mimi.

Mabati niliyanunua kwa zile laki nane, zikaisha, yakapigiliwa kabla ya mvua. Watoto walifurahi. Baba Neema alihamisha mkeka wake ndani akalala, na kuanzia hapo hata kanisani hakwenda. Mchungaji alikuja kuniambia nilifanya vizuri. Kila mtu aliniambia hivyo.

Baada ya mavuno nilisafiri tena, peke yangu, na pesa za mahindi na za mbuzi, na nyingine za kukopa kwa akina mama wa kwaya. Barabarani sikuangalia kitu. Kakoba nilipita mlango wa Yaya bila kubisha, nikaenda moja kwa moja kwa mzee. Uani palikuwa na mafuta meusi ardhini na nyasi zilizokufa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamelikata lile Pijo vipande wakapakia.

"Ulichelewa, nyabo," Mzee Kamugisha akasema, bila ubaya. "Balinipa laki mbili na nusu."

Nyumbani nilimweleza Baba Neema. Alinisikiliza akiwa amelala.

"Baliikata yote?"

"Yote."

Akavuta blanketi.

Nikiulizwa safari hizo zilinifundisha nini, naweza kusema nilijifunza kupima gari la zamani: usisikilize anachotaka mwenye gari, hesabu litakachokula likishafika kwako. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hata wanunuzi wa vyuma hawakufikia bei yangu ya laki tatu. Lakini mimi sikwenda Mbarara kutafuta gari. Nilikwenda kumtafuta mume wangu, nikampata, mchana mmoja, chini ya Pijo bovu, nikamwacha pale kwa sababu ya laki tano.