Jina Lenye Kuzunguka Kona

Wakati bei ya shaba ilianguka, banunuzi ba mawe balifunga madepo yabo, na siye mu Kenya, ile ya mutaa yetu, hapana ile inchi, tulibaki kuangaliana. Miye nilikuwa nauzisha beche za kuchimbia na kamba za bachimbaji. Muteja wangu wa mwisho alikuwa mbuzi ya jirani, na yee alikula kamba.

Masomo yangu iliishia ku mwaka wa tatu, mwalimu alikuwa anatulimisha shamba yake... tuache ile. Nikasikia kama bachimbaji ba ku Kambove bamefanya kooperative, banatafuta mwenye kubaletea beche, na banamutafuta ku internet. Ile komande ya beche ikinipita, nafunga duka. Nikaenda ku cyber, njia ya Kasapa, banifungulie site ya duka ku internet. Mama mwenye cyber akasema:

"Papa, site si kazi. Tafuta tu jina fupi, muntu aishike mara moja."

Fupi! Miye mukubwa wa familia, nichague jina peke yangu kama mwizi? Kwetu jina inachaguliwa na familia. Nikaita bote nyumbani, kuku mbili zikachinjwa juu ya ile mambo ya internet. Baba mudogo akaingiza kijiji yetu. Bibi yangu akaingiza baraka ya Mungu. Shangazi, hajashikaka hata telefone, akalia: "Na marehemu baba yenu, munamuacha inje?" Tukaingiza marehemu.

Mama wa cyber akasoma karatasi, akacheka mpaka machozi. "Papa, hii iko adresi ao maombi ya matanga?"

"Andika, mama! Baba yangu si wa kucheka!"

Akaandika yote, bila nafasi katikati, kama treni ya mizigo. Nikaiandikisha na rangi ku ukuta wa duka: ikamaliza mbele, ikazunguka kona, ikafika ku choo.

Mutumishi wa kooperative akapita, akaomba adresi apelekee bakubwa bake. Hakuwa na karatasi. Akaandika ku mukono, maneno ikapanda mpaka ku bega. Kisha mvua ikamukuta njiani, ikafuta yote. Kufika Kambove, alikuwa anakumbuka tu adresi yenye aliona ku mulango ya jirani yangu, muchuruzi wa Kivu, yee pia anauzisha beche: beche, na Kenya. Basi. Lori nzima ya beche ikatoka kwake.

Nikauliza ule jirani: "Ndugu, nani alikuchagulia ile jina?"

"Miye mwenyewe, papa. Familia yangu iko mbali, haikusikia."

Nilifunga duka. Lakini ukuta ingali na jina yake. Bantu banapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, banaambia mwenye kuendesha: "Unishushe pa jina mulefu." Banashuka pa mulango yangu, banaangalia jina mpaka ku choo, banacheka, kisha banaingia kwa jirani kununua.