Shoka Lililofukuzwa Nchini

Siku ya sikukuu ya Dionisi, mungu wa mvinyo, watu wa kijiji cha Akarne walijaa kwenye mabenchi ya mbao kutazama mchezo wa ndugu wawili wa nyumba ya kifalme waliouana kwa sababu babu yao alilaaniwa. Waimbaji walipoanza kuomboleza, Nikon mchoma mkaa aliona shingo zinageuka. Watu walikuwa wanamtazama yeye, halafu wanamtafuta kaka yake Demeas, aliyekaa upande wa pili kabisa, mbali naye kadiri mabenchi yalivyoruhusu.

"Ya nini kuwalipa waigizaji?" alisema muuza vitunguu mmoja nyuma yake. "Wenyewe tunao hapa hapa, tena bure!"

"Ngoja basi," Nikon akamjibu. "Nikianza kuua, nitaanza na wauza vitunguu."

Kicheko kikavuma. Naye Nikon alicheka, lakini moyoni alikuwa amechoka. Alichoka na macho yale, akachoka zaidi na lile benchi la mbali la kaka yake.

Ukoo wao una historia, hilo hakuna wa kulikataa. Babu mzaa babu alimuua nduguye wakigombea kisima. Babu naye alimsukuma nduguye korongoni, au huyo nduguye aliteleza mwenyewe, inategemea nani anasimulia na amekunywa kiasi gani. Kisha ikaja zamu ya Eumelo, baba yao. Alikuwa akikata miti mlimani Parne pamoja na mdogo wake, Molon, chuma cha shoka la Molon kikachomoka kwenye mpini na kumpiga Eumelo shingoni, akafa. Molon alitupa mpini, akakimbilia kwa Wabeotia, ng'ambo ya mpaka, kabla hata maiti haijaoshwa. Kule mjini Athene wakubwa walibishana kama mkosaji ni mkono au ni chuma, na mwisho wakavifukuza vyote viwili. Molon akakatazwa kukanyaga nchi. Lile shoka nalo likasomewa kesi yake, likakutwa na hatia, likapelekwa mpakani na kutupwa ng'ambo. Ndivyo tunavyofanya sisi, kilichomwaga damu hakilali nchini.

Wakati ule Nikon alikuwa hajaota ndevu. Sasa ndevu zimeanza kuota mvi, na Demeas bado anaishi kama mtu anayesubiri zamu yake. Hakuchoma mkaa tanuri moja na mdogo wake hata siku moja. Nikon akishika shoka, yeye alikumbuka ana shughuli kwingine. Njiani alimtangulia mbali au alibaki nyuma sana. Wambeya walisema ni chuki. Haikuwa chuki hata kidogo. Demeas alimpenda mdogo wake kupita kiasi, na aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Baada ya sikukuu, mchungaji mmoja akaleta habari kutoka mpakani: Molon yu mgonjwa, anaomba kurudi kufia nyumbani. Kwa sheria yetu hilo linawezekana, wana wote wa marehemu wakisamehe. Mmoja akikataa, basi, limekwisha. Neno hilo lilimnyima Nikon usingizi. Alimhurumia mzee, ndiyo, ila kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Aliona kwamba mzee akifia ugenini, Demeas hatatoka tena ndani ya woga wake, na yeye Nikon atazeeka akiwa na kaka aliye hai asiyeweza kumkaribia.

"Sikubali," Demeas alisema kabla mdogo wake hajamaliza.

"Kaka, mzee wa watu anakufa."

"Afie huko huko, kwa amani. Alipoondoka aliondoka na ile laana. Tangu siku hiyo nani kauawa kwetu? Hakuna! Leo unataka kwenda kuipokea mpakani, uibebee na mizigo?"

"Laana gani, kaka? Shoka lilichomoka!"

"Na nani alilichomoa?"

Nikon akaondoka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Alimfuata Demeas kisimani, kwenye tanuri, hata chooni alimsubiri nje. Plangon mkewe akamwambia, "Baba Eukle, utamuua shemeji yangu kwa maneno, nao watu watasema, si tulisema!"

"Atanichoka yeye kabla mimi sijamchoka," Nikon akasema, akavaa viatu, akaenda tena.

Mwisho Demeas akasalimu amri, ila kwa namna yake. "Nitakwenda mpakani nimwambie hapana usoni kwake. Nikishamwambia, jambo hili usinitajie tena mpaka nife. Na kule juu ufunge mdomo wako. Umekubali?"

Nikon alijua anaweka kila kitu rehani kwa siku moja. Akakubali.

Walipanda Parne na Hegia, mzee wa ukoo, awe shahidi. Demeas alitembea nyuma kabisa. Kwenye jiwe la mpaka walimkuta Molon amekaa upande wa pili juu ya kisiki, amekonda, miguu imevimba. Kando yake palikuwa na kuni zilizopasuliwa vizuri, na shoka. Demeas alilitazama lile shoka, akaona kwenye makali pengo analolikumbuka, akarudi nyuma.

"Ndilo lile!"

"Ndilo, mwanangu," Molon akasema. "Nilikuwa nimejificha kichakani watu wa mjini walipokuja kulitupa. Likaangukia miguuni pangu. Nikaliambia, haya mwenzangu, tumefukuzwa kesi moja, tusaidiane."

Hegia alicheka bila kutaka. Demeas hakucheka.

"Na umelitumia?"

"Ningekula nini? Nimewapasulia kuni Wabeotia mpaka mgongo umepinda."

"Limemuua nani?"

"Kuku," Molon akasema. "Wengi sana. Mtu, hakuna. Mwanzoni niliogopa kama unavyoogopa wewe, nakuona. Nilifukuza watoto wasinisogelee. Nilikata kuni peke yangu kama mwenye ukoma. Halafu nikachoka, nikawa kila asubuhi napigilia kabari kwenye mpini, navuta chuma kwa nguvu zangu zote nione kama kinacheza. Hakichezi. Nafanya kazi, narudi kulala."

"Kabari," Demeas akasema. "Kabari tu?"

"Kabari tu. Siku ile nilikuwa nimeona mpini umelegea. Baba yenu aliniambia nitengeneze kwanza, nikamwambia nitatengeneza jioni. Nilikuwa na haraka. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, nalijua na ninalala nalo. Lingine sina."

Mdomo ulimwasha Nikon. Alikuwa na maneno ya kutosha kujaza magunia, na kila moja lilikuwa zuri. Akauma meno na kutazama chini, maana alikuwa ameahidi.

Hegia akasimama wima. "Nikon mwana wa Eumelo, unamsamehe mtu huyu?"

"Namsamehe."

"Demeas mwana wa Eumelo?"

Demeas alilipita lile jiwe la mpaka, akaenda mpaka kwenye kisiki, akachuchumaa na kumgeuzia mzee mgongo.

"Panda."

"Nini?" Molon akauliza.

"Panda mgongoni, baba mdogo. Kwa miguu hiyo utashuka mlima huu lini?"

"Lazima useme neno lenyewe, nilisikie," Hegia akasisitiza.

"Ndiyo! Namsamehe! Unataka niimbe?"

Molon alipanda huku analia. Kisha akageuza shingo. "Na shoka langu?"

Hegia akafikiri, akatikisa kichwa. "Wewe una jamaa wa kukusamehe. Lenyewe halina. Liache."

Mzee aliliaga kwa mkono, na hakuna aliyemcheka. Wakaanza kushuka. Njia ilikuwa ya mawe, na Demeas alihema kwa uzito, lakini Nikon alipojitolea kupokezana alimkatalia. Kwa mazoea, Nikon akabaki nyuma, mbali naye kama alivyozoea kuwekwa. Akasikia kaka yake anaongea mbele, bila kugeuka.

"Nikon. Miaka yote hii nilikuwa nahesabu kwamba nitakuua."

"Najua, kaka."

"Ulijua, na bado ulikuwa unakuja mpaka chooni?"

"Ningefanyaje? Sina kaka mwingine."

Demeas akasimama.

"Basi njoo hapa ubavuni," akasema. "Karibu zaidi. Mshike mguu huu, unaning'inia."

Nikon akasogea, akaushika.