Bega la Anastazi

Kule Keza mgonjwa alibebwa kwa ngobyi, machela ya kusukwa iliyofungwa kwenye mti mrefu, na kila mwanaume wa kilima alitoa bega. Asiyefika alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Kwa miaka ishirini Anastazi alikuwa wa mbele, maana alilijua kila jiwe la njia.

Mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka na kupiga kambi karibu, mgongo ukaanza kumtafuna. Alidhani ni kuni, kwani miti ya karibu ilikwisha kukatwa na siku hizo walizifuata mbali. Daktari wa kambini akampeleka hospitali Mwanza, wakamtoboa nyonga kupima uboho, wakamtajia ugonjwa: mayeloma, saratani ya huo uboho.

"Mifupa yako inaliwa kutoka ndani," aliambiwa. "Usibebe kitu kizito."

Alirudi, asiseme. Mkewe Josefina tu ndiye aliyejua, kwa kuwa ndiye aliyemgeuza kitandani. Shambani, akipiga majembe kumi anakaa chini, anahema. Mara mbili hakwenda kubeba, mara mbili akatoa pombe.

"Mahindi ya msaada wa wakimbizi yamekulegeza!" alisema Malongo, rika lake. "Shemeji Josefina, mtie mbeleko umbebe mgongoni!"

Watu wakacheka. Anastazi naye akacheka, ingawa kicheko kilimchoma mbavuni. Afadhali aitwe mvivu kuliko kuhesabiwa amekwisha.

Asubuhi moja Zita, mke wa jirani, alishindwa kujifungua. Wanaume wakakusanyika na ngobyi kumpeleka zahanati. Anastazi akapita mbele, akainama kuushika mti.

"Leo amefufuka!" Malongo akapiga makofi.

Josefina akaja mbio, mikono ina unga. "Mwacheni! Mifupa yake inaoza. Daktari kasema itakatika kama muwa. Mnataka Zita aanguke njiani?"

Malongo akautoa mti mikononi mwa Anastazi polepole, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Wakaondoka. Yeye akabaki uani na wanawake.

Jioni Malongo alipita.

"Zita amejifungua. Msichana, wote wazima."

"Mungu ashukuriwe. Na pale kwenye mawe ya mtoni, mlipitaje?"

"Tulipita tu."

"Hamkuteleza?"

"Hatukuteleza. Tulifika mapema." Malongo akatazama miguu yake, kama aliyesema neno baya.

Anastazi akangoja amtanie, hata tusi dogo. Malongo akasema kwa sauti ya msibani, "Haya, pumzika, mzee."

Walizaliwa mwaka mmoja.